Nyoka Hana Kikohozi

Gamba lilikuwa limetoka vipande vipande. Sekela Mwakalindile alilikuta asubuhi ndani ya sanduku la Kitenge, limechanika kama maganda ya kitunguu, na kipande kingine bado kimemganda nyoka shingoni. Haikuwa kawaida. Siku zote Kitenge alivua gamba zima, kuanzia puani hadi mkiani, kama mtu anavyovua soksi. Sekela alipiga magoti akamtazama vizuri. Jicho moja lilikuwa jeusi na angavu. La pili limefunikwa na utando mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Una nini, mwenzangu?"

Akageuza mkono akaitazama bangili. Taa ilikuwa ya kijani, kama ilivyokuwa jana na juzi. Kijani maana yake mlinzi yuko kazini. Akamchukua nyoka, akamzungusha shingoni, akapandisha zipu ya jaketi mpaka kidevuni, maana mwezi wa saba Njombe baridi huuma masikio, akaenda kazini.

Kitenge alikuwa chatu, lakini si chatu wa porini. Ukoo wake ulizalishwa maabara mpaka ukawa wa nyoka wadogo na wapole, wasiozidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Chatu ana vishimo vidogo mdomoni, na kwa vishimo hivyo huona joto kama sisi tunavyoona rangi. Watu wa sayansi walikuwa wamegundua kwamba kifafa, kabla hakijamwangusha mtu, hutanguliza dalili: ngozi ya shingo hubadilika joto kidogo sana, na pumzi nayo hubadilika harufu. Hakuna mashine iliyoweza kuisoma dalili hiyo bila kukosea. Chatu aliisoma. Basi wakatengeneza uzi mwembamba kuliko unywele, wakaupitisha chini ya ngozi ya kichwa chake, na uzi ukawa unapeleka habari kwenye bangili ya mgonjwa. Bangili ikitetemeka, mtu ana muda wa kutua sufuria, kutoka barabarani, kulala ubavu. Kifafa hakikuondoka. Kilichoondoka ni kule kuanguka.

Sekela alikujua kuanguka. Mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko hadi vidoleni, ulikuwa na kovu la moto wa jikoni alilolipata akiwa msichana. Kabla ya Kitenge hakuna aliyemwachia hata kwenda kuteka maji peke yake. Sasa alikuwa mwendeshaji wa gari la waya. Alikaa juu mnarani, ameshika breki za vibanda vilivyovusha watu na majani ya chai juu ya bonde la Ruhuji, na wanaopita chini walimpungia mkono bila kumfahamu.

Siku aliyokabidhiwa Kitenge alikuwa ameketi benchi moja na mwanamke mwembamba aitwaye Anyisile, aliyefuatana na mumewe, Lwitiko, fundi seremala. Wanawake wale wawili walipowekewa nyoka shingoni walishikana mikono wakacheka kwa hofu, mpaka machozi yakawatoka. Tangu hapo wakawa ndugu. Nyoka wa Anyisile aliitwa Tulizo.

Siku ile ya gamba lililochanika, mnarani, upepo ulipotulia, Sekela alisikia kitu chini ya sikio lake. Kilikuwa kidogo, kama tone la maji linapoangukia sufuria yenye moto. Kikaja tena. Akazima feni ya chumba ili asikilize. Kila Kitenge alipovuta pumzi, palikuwa na mlio ule.

*

Jioni alimwekea panya. Kitenge aligeuza kichwa. Hiyo ilikuwa mara ya pili kukataa chakula, na mara ya kwanza Sekela alijiambia kwamba ni kwa sababu anakaribia kujivua. Sasa alikwishajivua na bado hataki. Halafu akaona jambo jingine ambalo pengine lilikuwepo siku nyingi, ila jicho lililozoea halioni. Sanduku lilikuwa na jiwe la umeme upande mmoja, jiwe la kuota joto. Kitenge alikuwa amejikunja upande wa pili, kwenye kona ya baridi, kichwa amekiinua juu kama mtu anayetafuta kitu darini. Sekela alimbeba akamlaza juu ya jiwe. Nyoka akateleza taratibu akarudi kwenye baridi. Alipopita karibu, Sekela aliona povu dogo limetuna kwenye tundu moja la pua, likapasuka.

Akapiga simu Kituo cha Walinzi, walikotoka nyoka wote. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti ya upole.

"Taa ni ya rangi gani, dada?"

"Kijani. Lakini hataki kula, na anapumua kwa mlio. Pua inatoa povu."

"Bangili imekosea kukuonya hivi karibuni?"

"Haijakosea."

"Basi mlinzi yuko salama."

"Mimi simuulizii mlinzi," Sekela alisema. "Namuulizia nyoka."

Kijana akasema, bila ubaya wowote, "Kama una shaka, mlete tukubadilishie. Utaondoka na mpya siku hiyohiyo."

"Na huyu?"

"Huyo atapumzishwa."

Sekela alishukuru akakata simu. Alikaa kitandani akiutazama ule mwili mdogo wenye mabaka ya kahawia na manjano, mabaka yaliyompa jina. Aliwahi kumsikia mama mmoja kanisani akisema kwamba nyoka na mwenye kifafa ni viumbe ambao watu huwakimbia kwanza, kisha ndipo huuliza. Siku ile aliudhika. Leo maneno yale hayakumwudhi.

*

Daktari Editha Mgaya alikuwa daktari wa ng'ombe wa maziwa. Alimpokea Sekela akiwa bado na mabuti ya mpira, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akasema, "Nyoka nilisoma chuoni, na nimetibu wachache. Nitakwambia ninachokijua, na nisichokijua nitakwambia pia sikijui. Sawa?"

"Sawa, Daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Mlete."

Alimshika Kitenge nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, mwili wote akauegemeza kwenye mkono wake mwingine usining'inie. Akatelezesha kipande cha plastiki laini pembeni ya mdomo, mdomo ukafunguka. Ndani, badala ya unyevu mwembamba unaong'aa, palikuwa na ute mzito uliovutika kama ute wa bamia. Kwenye fizi palikuwa na vidoa vyekundu.

"Unaona hapa? Fizi za nyoka mzima ni nyeupe zenye waridi kwa mbali." Akauinamisha mwili kidogo, ute zaidi ukaja mbele. "Ni pafu. Umesema alianza lini?"

"Nimesikia mlio jana."

"Jana ndipo uliposikia. Kuanza ameanza zamani." Daktari alimrudisha mezani. "Nyoka hana kikohozi, binti yangu. Mimi na wewe tuna msuli chini ya mapafu unaosukuma uchafu nje. Yeye hana. Kikiingia kitu pafuni, kinakaa. Halafu ni mnyama ambaye akionyesha udhaifu porini, analiwa. Kwa hiyo huficha. Haguni, halii, hakulalamikii. Utamjua kwa vitu vidogo: kula kwake, gamba lake, mahali anapochagua kulala, mdomo unaobaki wazi. Na kile kichwa anachokiinua si maringo. Anatafuta hewa."

Sekela aliuma mdomo. "Atapona?"

"Dawa ninayo, ya sindano. Lakini dawa peke yake haitoshi. Nyoka hana moto wake mwenyewe, anaazima kwa jua. Akiugua, hutafuta joto kuliko siku zote. Hiyo ndiyo homa yake, ndiyo askari wake. Wewe unasema ana jiwe la joto na analikimbia. Hilo ndilo sijalielewa."

Daktari alijaza chupa maji ya moto, akaifunga kwa kanga, akailaza mezani. Kitenge aliisogelea, akasita, akajivuta mpaka ukingo wa mbali wa meza. Walijaribu tena, akafanya vilevile.

"Hiyo bangili yako," Daktari aliuliza, "huwa inazimwa?"

"Ina kitufe cha usingizi. Tunakibonyeza wakati wa kumlisha, ili uzi usimsumbue. Si zaidi ya hapo."

"Kibonyeze. Lakini kaa chini kwanza, kwenye ule mkeka."

Sekela aliketi mkekani, akabonyeza. Taa ya kijani ikazimika. Daktari akamletea chai, wakainywa wakizungumza habari za mvua na bei ya majani. Chai ilipokaribia kwisha, Kitenge alinyanyua kichwa. Alitoa ulimi, akautoa tena. Kisha akaivuka meza yote moja kwa moja, akaizunguka ile chupa mara mbili, akatua kichwa chake juu ya kanga kama mtoto aliyefika kwa mama yake.

Baada ya muda Sekela aliwasha bangili. Taa ilirudi, na nyoka akashtuka, akajikunjua, akaiacha chupa.

"Umewahi kutiwa yale matone ya macho, ya kupanua mboni?" Daktari aliuliza taratibu.

"Niliwahi. Nilitoka nje, mwanga ukawa kama sindano."

"Nadhani uzi unamfanya hivyo. Ili aweze kuisoma shingo yako, tofauti ndogo kiasi kile, uzi unavikaza vile vishimo vyake vione joto kupita kiasi. Basi joto la kawaida kwake ni moto unaounguza. Analikimbia. Anakaa kwenye baridi, na baridi inamwingia pafuni." Akavua miwani. "Haijaharibika, mashine hiyo. Inafanya kazi yake vizuri sana. Ndiyo maana taa ni ya kijani."

"Kwa hiyo niuzime."

"Mpaka apone. Na ukiuwasha tena baada ya yeye kupona, sioni kitakachomzuia asirudi hapahapa."

Sekela aliutazama mkono wake wenye kovu. "Na mimi, Daktari?"

"Hicho ndicho ninachokwambia sikijui," alisema Editha Mgaya.

*

Mzee Kihaga, msimamizi wa mnara, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Sekela mpaka mwisho. "Lakini si unaona, mwanangu," akasema. "Pale juu una roho za watu mkononi. Bila mlinzi siwezi kukupandisha."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Wenzako wangembadilisha tu."

"Najua."

Akampeleka kituo cha chini, kwenye mizani ya chai. Sekela alifanya kazi ameketi, kwenye kiti kisicho na miguu mirefu, mbali na mashine. Nyumbani Kitenge alilala juu ya jiwe asubuhi mpaka jioni. Alichomwa sindano kama Daktari alivyoagiza, na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kikamlainishia gamba lililomganda, likatoka.

Kifafa kilimjia Sekela mchana mweupe, bila hodi. Aliinua gunia, na kitu alichokumbuka baada ya hapo ni harufu ya vumbi la chai na sauti za watu kwa mbali. Alipofumbua macho aliona duara la viatu. Watu walikuwa wamesimama kando, kwa umbali ule anaoufahamu tangu utotoni, umbali wa anayeogopa kuguswa na mate. Ndani ya duara alikuwemo mtu mmoja tu, mama muuza maandazi, amemlaza ubavu na kumwekea kanga chini ya kichwa.

"Kijana mmoja alitaka kukutia kijiko mdomoni," yule mama alimwambia. "Nikamfukuza. Pumua, mama. Umemaliza."

Sekela alilia pale chini. Ulimi alikuwa ameuuma, na goti lilichubuka, lakini hakulia kwa ajili ya goti. Alikuwa amesahau. Miaka yote ile alidhani anaikumbuka hali hii, kumbe alikuwa ameisahau kabisa.

Jioni alipofika nyumbani, mkono uliiendea bangili mara nyingi. Angebonyeza tu, basi. Kesho angekuwa juu ya mnara. Alikaa mbele ya sanduku mpaka Kitenge akajinyoosha juu ya jiwe na kufungua kinywa kwa miayo mirefu, kisha akakifunga. Sekela alivua bangili akaiweka kabatini.

*

Daktari Editha aliwaandikia Kituo cha Walinzi, na jibu halikuchelewa. Walimshukuru. Walisema uzi wa aina mpya unafanyiwa utafiti, na kwamba kwa sasa kila mwenye wasiwasi abadilishiwe nyoka bure, mara nyingi kadiri atakavyo. Sekela alilisoma akaelewa: nyoka mpya angekuja na uzi uleule, angekaa kwenye baridi ileile, angebadilishwa naye, na yule baada yake.

Alianza kuwapitia wenye walinzi nyumba kwa nyumba. Aliwaonyesha jinsi ya kuweka sikio karibu na ubavu wa nyoka, jinsi ya kutazama fizi na pua, na mahali anapolala. Wapo waliomshukuru. Wapo waliosikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, wakaufunga. Kwa Anyisile hakwenda. Kila alipopanga kwenda alipata udhuru, kwa maana Anyisile alikuwa na mimba ya miezi saba, na madaktari walikuwa wamempunguzia vidonge kwa ajili ya mtoto. Kilichobaki kumlinda ni Tulizo.

Mwishowe Lwitiko ndiye aliyemwita. Alimpokea kwenye karakana yake, nywele zimejaa unga wa mbao, akafunga mlango nyuma yao.

"Shemeji, nasikia unachokizungusha mitaani."

"Nilikuwa nakuja kwenu."

"Usije," alisema Lwitiko. Sauti haikuwa ya ugomvi. "Au uje, umsalimie mwenzako, mcheke. Lakini hilo usimwambie. Mimi nimekwishaona. Tulizo anakaa mdomo wazi wiki nzima. Nitampeleka Kituo, nitaleta mwingine anayefanana naye, na mke wangu hatajua."

"Atajua. Anamjua Tulizo kama anavyokijua kiganja chake."

"Basi atajua akishajifungua." Alishika randa, akaiweka chini. "Mimba ya kwanza ilitoka kwa kuanguka. Ngazi tatu tu, za mlango wa jikoni. Wewe unalijua hilo, ulikuja matangani. Sasa niambie, shemeji, nyoka na mwanangu, nipime nini?"

Sekela alisukuma maranda ya mbao sakafuni kwa ncha ya kiatu. "Mimi nimechagua langu," akasema hatimaye. "Goti lililochubuka ni langu. Sina haki ya kuchagua la Anyisile. Ila na wewe huna, Lwitiko. Yule nyoka analala shingoni kwake."

Mlango wa ndani ukafunguka. Anyisile alikuwa amesimama pale, mkono mmoja kiunoni, Tulizo amemzunguka mabegani na kichwa amekiinua juu.

"Sauti zenu zinapita kwenye mbao," alisema. "Dada, niambie mimi."

Lwitiko alifumba macho. Sekela akamwambia yote, tangu gamba lililochanika mpaka chupa ya Daktari Editha, na duara la viatu kwenye kituo cha chini nalo akalisema, kwa sababu kulificha kungekuwa uongo. Anyisile alisikiliza akimpapasa nyoka kwa kidole kimoja.

"Nitabadilisha," Anyisile akasema mwenzake alipomaliza.

Lwitiko alishusha pumzi. Sekela aliitikia kwa kichwa. Hata yeye, ndani kabisa, alihisi mzigo fulani umetua.

"Usiniangalie hivyo, dada."

"Sijakuangalia vibaya. Ningekuwa na tumbo hilo, sijui ningefanya nini."

"Nitachukua mpya," Anyisile aliendelea, "lakini huyu hawampumzishi. Waambieni amekufa, waambieni amepotea, mtajua wenyewe. Wewe, dada, utamchukua." Akamfungua Tulizo mabegani mwake. Akamkabidhi kwa Sekela. Nyoka alikuwa mwepesi kuliko ilivyostahili, na mifupa ya mgongo ilionekana chini ya ngozi.

*

Tulizo alichelewa kupona. Pafu lake lilikuwa limejaa, na Daktari Editha alikuja mwenyewe kumtoa ute kwa bomba la sindano. Ziko siku Sekela aliamka akiogopa kufungua sanduku. Kitenge alianza kula mapema na kunenepa, lakini Tulizo alikaa juu ya jiwe kama kamba iliyotupwa, mpaka zilipofika mvua za kwanza ndipo alipomeza panya mdogo, taratibu, akasinzia naye kooni.

Kazi ya mizani iliendelea. Kifafa kilikuja kilivyotaka. Yule mama muuza maandazi aliwafundisha wapakiaji jinsi ya kumlaza ubavu, na duara la viatu likawa dogo, ingawa halikwisha. Mzee Kihaga aliuliza mara moja kama yule nyoka amekwishapona. Sekela alisema amepona. Mzee alisubiri aendelee, naye hakuendelea, basi wakaachana hapo. Mnara alikuwa akiutazama kila asubuhi. Mtu aliyewahi kukaa juu ya bonde zima hawezi kujizuia kuutazama.

Anyisile alijifungua salama, mtoto wa kike, wakamwita Tupokigwe. Bangili ilikuwa imemwonya mara mbili katika mwezi wa mwisho, na mara zote mbili alikuwa amelala chini kabla mambo hayajaanza. Sekela alikwenda kumpongeza na supu ya kuku, na hakuna aliyezungumzia nyoka.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, ndipo Anyisile alipokuja nyumbani kwa Sekela. Alikuja na mumewe, mtoto mgongoni, na nyoka mpya shingoni. Huyo hakuwa amempa jina.

"Nimekuja kumwona Tulizo."

Sekela alifungua sanduku. Nyoka wawili walikuwa wamelala juu ya jiwe moja, mmoja juu ya mwenzake, na ungeweza kudhani ni mmoja mwenye vichwa viwili. Tulizo alibaki na ukungu kwenye jicho la kulia, lakini ngozi ilikuwa imejaa na kung'aa. Anyisile aliweka kiganja karibu. Ulimi ukatoka, ukamgusa, ukarudi. Alikaa hivyo kwa kitambo.

Kisha akamtoa yule mpya shingoni, akamwinua mpaka sikioni, akafumba macho. Hata Sekela, aliyesimama hatua kadhaa kutoka pale, aliusikia ule mlio mdogo.

"Nimeusikia tangu wiki iliyopita," Anyisile alisema. "Nilikuwa nataka uniambie siyo."

"Ndio wenyewe, dada."

"Tutabadilisha tena, mke wangu," Lwitiko alisema haraka. "Wanatoa bure. Kesho nakwenda."

"Na huyo wa kesho, Baba Tupo?"

Lwitiko aliwatazama wale wawili juu ya jiwe, akamtazama huyu aliyekuwa mkononi mwa mkewe, kichwa kimeinuliwa juu kikitafuta hewa. Mtu yeyote angeona kwamba hesabu ilikuwa ikimchoma, na kwamba hakuwa na namna ya kuifanya itoke vingine.

"Mtoto amekwishazaliwa," Anyisile alisema kwa upole. "Vidonge vyangu nimerudishiwa vyote. Mimi si yule wa mwaka jana." Akamgeukia Sekela. "Una godoro?"

Sekela alilivuta godoro kutoka chumbani, akalitandika sakafuni, akasogeza meza na stuli mbali. Anyisile alifungua mbeleko. "Mshike mtoto," akamwambia mumewe, naye akampokea kwa mikono miwili. Kisha akaketi katikati ya godoro, akanyoosha miguu, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikazimika.

Alingoja kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango uliofungwa nyuma yake. Hakuna kilichotokea. Akamweka nyoka sakafuni, na Sekela akaketi kando yake godoroni, kwa maana yeye naye hakuwa na kitu cha kumwonya. Nyoka asiye na jina alitoa ulimi mara kadhaa, akaanza kuvuta mwili wake kuelekea kwenye sanduku.

Lwitiko alibaki amesimama na mtoto kifuani. Aliangalia kiti kilichokuwa karibu na dirisha, mahali pazuri penye jua, akakiacha. Alivua viatu, akaja akaketi chini, akauegemeza mgongo ukutani upande wa pili wa godoro, pale ambapo angeweza kuwaona wanawake wote wawili bila kugeuza kichwa.